Mzani Umegoma na Mazoezi Hujaacha: Uongeze Mbio, Upunguze Sahani au Ushike Vyuma?

Kwa wiki kumi mzani wangu haukutoka kwenye kilo 78. Leo 78.4, keshokutwa 77.7, Jumapili umerudi pale pale. Nilianza na kilo 88, nikashuka kumi ndani ya miezi saba, na mazoezi sikuyaacha hata wiki moja: kilomita tano, si chini ya mara nne kwa wiki, alfajiri, na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu Tabata. Jasho lilikuwa lile lile, njia ile ile. Namba tu ndiyo iligoma.

Ukifika hapo kila mtu ana dawa yake. Kiongozi wa kikundi aliniambia niongeze kilomita. Mdogo wangu aliyeko Mwanza akasema nisile kitu mpaka saa saba mchana. Kijana wa jimu akasema mbio peke yake hazitoshi, nishike vyuma. Mama akaniambia niache wali wa usiku. Shoga yangu wa kazini akaniletea pakiti ya majani ya chai. Wote walinishauri kwa upendo, na kila mmoja alikuwa na mtu anayemjua ambaye kwake njia hiyo ilifanya kazi. Nimejaribu tatu kati ya njia hizo, kila moja kwa zaidi ya mwezi, na zilizobaki nimezisomea kwa makini. Hapa naziweka ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mtu ambaye leo asubuhi ameshuka kwenye mzani akiwa amekata tamaa.

Hakikisha kwanza kama umegoma kweli

Katikati ya zile wiki kumi nilipeleka kitenge kwa fundi cherehani. Akanizungushia futi kiunoni, akafungua daftari lake lenye vipimo vyangu vya mwezi uliotangulia, akazungusha tena. "Dada, hivi siku ile nilikukosea?" Hakuwa amekosea. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi moja, katika mwezi ambao mzani ulisema hakuna kilichotokea.

Mzani unapima kila kitu kwa mkupuo: mafuta, misuli, maji, hata chakula kilichomo tumboni. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, kila gramu moja ya wanga na kama gramu tatu za maji, kwa hiyo pilau ya harusini Jumamosi yaweza kuonekana kama kilo nzima Jumapili asubuhi, ilhali mafuta ya mwili yameongezeka kidogo sana. Chumvi nyingi hushikilia maji. Misuli inayouma kwa zoezi jipya hushikilia maji. Siku za kukaribia hedhi vivyo hivyo, na ndiyo maana mwanamke anafaa alinganishe uzito wake wa leo na wa siku kama hii ya mzunguko uliopita, badala ya wa wiki iliyopita.

Kipimo changu sasa ni hiki: najipima asubuhi baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, natafuta wastani wa wiki, na kiuno nakipima kila baada ya wiki mbili usawa wa kitovu. Mzani nauhesabu kuwa umegoma pale wastani unapokaa wiki nne bila kushuka na futi nayo haijasogea. Kwa kipimo hicho, wiki zangu tano za kwanza hazikuwa mgomo hata kidogo. Tano za mwisho ndizo zilikuwa mgomo, kwa sababu futi nayo ilisimama.

Kama futi yako bado inasogea, huna cha kuchagua kwa sasa. Endelea na ulichokuwa unafanya.

Kwa nini mwili unasimama

Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na wenzake wamekadiria kwamba kwa kila kilo moja inayopungua, matumizi ya mwili kwa siku hushuka kalori 20 hadi 30, na hamu ya kula hupanda kwa kama kalori 100. Niliposoma hayo nilichukua kalamu. Kwa kilo zangu kumi, mwili unatumia kalori 200 hadi 300 pungufu kila siku, na wakati huo huo njaa inanivuta nile kama kalori 1,000 zaidi ya nilizokuwa nakula nikiwa na kilo 88. Sahani iliyokuwa ikinipunguza mwezi wa kwanza, mwezi wa nane imekuwa sahani ya kunibakiza pale nilipo.

Mbio nazo zimepungua thamani. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilomita tano nilipokuwa na kilo 88 zilikuwa kalori 440. Nilipofika 78, njia ile ile ikawa 390.

Ndiyo maana hesabu ya zamani inayosema "kalori 7,700 ni kilo moja, basi punguza 500 kila siku upungue nusu kilo kila wiki" inafanya kazi wiki za mwanzo na kuwavunja watu moyo baadaye. Haihesabu kwamba mwili wenyewe unabadilika njiani. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimewaona dada zangu wa kikundini wakijilaumu, wakidhani wamezembea mahali. Wengi wao hawakuzembea popote.

Mbio zaidi, au sahani?

Huu ndio uchaguzi ambao wengi wetu tunakutana nao kwanza, na wengi tunakimbilia mbio. Hata mimi. Zile wiki tano za mwisho nilitoka mara nne kwa wiki nikaenda mara sita. Kwenye karatasi, mbio mbili za ziada ni kalori 780 kwa wiki, yaani kama 110 kwa siku. Mwisho wa wiki tano mzani ulikuwa 78, futi ile ile, na goti la kulia limeanza kuniuma nikishuka ngazi za ofisini.

Kalori zile zilienda wapi? Nilianza kujiangalia. Jumamosi nikitoka mbio nilikuwa najilaza kwenye kochi mpaka saa sita. Dukani nilianza kumtuma mtoto, mahali ambapo zamani nilikwenda mwenyewe. Jioni nikipakua nilijiongezea kijiko kimoja cha wali, nikijiambia leo nimekimbia. Hakuna hata kimoja nilichokipanga.

Na kuna jambo la ndani zaidi ya hilo, ambalo limepimwa hapa hapa nchini. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, watu wazima 30, waliopimwa kwa maji yenye alama maalumu yanayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nzima. Hawa ni watu wanaochimba mizizi, wanaorina asali, na wanaume wao hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, matumizi yao ya nishati kwa siku hayakutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wa mijini wanaoshinda wamekaa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi kila siku hubana matumizi sehemu nyingine. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu ukubwa wa kubana huko. Lakini kwa mtu aliyegomewa na mzani ujumbe unaeleweka: kilomita unazoongeza juu ya zile ulizokwisha zoea hazileti kila kalori zinayoahidi.

Sasa tazama sahani. Nyumbani tuko watano, na dumu la mafuta ya kula la lita 5 lilikuwa linatuishia kwa wiki mbili. Sikuwahi kulifikiria kama chakula. Lilikuwa kitu cha kupikia. Siku moja nilipokuwa napika mchicha nikajizuia: badala ya kumimina sufuriani kwa macho, nikamimina kwenye kikombe kiasi kile kile nilichozoea, halafu nikakipima kwa kijiko cha chakula. Vijiko vinane. Kila kijiko kina kama kalori 120. Mboga ya majani, ambayo nilikuwa najisifia kwamba nakula kwa wingi, ilikuwa imebeba kalori 960 za mafuta kabla ya kufika mezani.

Nikapiga hesabu ya dumu zima. Lita 5 za mafuta ni kama kilo 4.6, sawa na kalori 41,000 na kitu. Gawa kwa watu watano kwa siku 14: karibu kalori 600 kwa kila mtu, kila siku, za mafuta peke yake. Tangu hapo nikawa naandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kufungua kila dumu ubavuni mwake, na mafuta yakaingia sufuriani kwa kijiko tu. Vitumbua na chapati za kukaanga vikahamia Jumapili. Dumu la kwanza lenye tarehe lilidumu siku 25. Hesabu yake ni kama kalori 330 kwa mtu kwa siku.

Weka mbili hizo pamoja. Mbio mbili za ziada ziliniahidi kalori 110 kwa siku, zikachukua zaidi ya saa moja na goti langu, na mwili ukazirudisha kimyakimya. Kupima mafuta kwa kijiko kulinipunguzia kalori zaidi ya 250 kwa siku bila kuongeza hata dakika moja jikoni. Ukiongeza sukari ya chai, vikombe vitatu kwa siku vyenye vijiko vitatu vitatu ni karibu kalori 145, na chupa ya soda ya mililita 350 ni kama 150, sawa na mimi kukimbia kilomita mbili. Nilishusha sukari mpaka kijiko kimoja, soda nikaacha. Ndani ya miezi mitatu nikafika kilo 75, nikiwa nimerudi kwenye mbio zangu nne.

Watoto sikuwabana. Wanakua, na mwili wao unahitaji mafuta. Parachichi na karanga nawawekea pembeni.

Sahani nayo ina gharama zake, na nisingependa uichague bila kuzijua. Njaa ni gharama ya kwanza. Ya pili ni watu: huwezi kwenda msibani au kwa wakwe ukaanza kuuliza wamemimina vijiko vingapi. Ya tatu ni kwamba sahani ina sakafu. Mwanamke akishuka chini ya kalori 1,200 kwa siku bila daktari kumsimamia, huku anakimbia, anajitafutia kizunguzungu, nywele kukatika, hata hedhi kukata. Na kuna kosa la kuhesabu ambalo sisi sote tunalo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu waliokuwa wakilalamika kwamba wanakula kidogo sana na hawapungui. Walipowapima, ilionekana watu hao walikuwa wanaandika chakula pungufu kwa karibu nusu ya walichokula kweli, na mazoezi wanayaandika zaidi kwa karibu nusu. Si kwamba walidanganya. Jicho la binadamu halijui kupima mafuta wala ugali. Kwa hiyo ukichagua sahani, pima kwa kijiko na kikombe japo wiki mbili za mwanzo. Bila kupima, utakuwa umechagua kubahatisha.

Je, uache mbio basi? Hapana, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Watu walioandikishwa kwenye rejista ya Marekani ya waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku kwa wastani. Mazoezi yanalinda ulichokwisha kushusha, yanashusha presha, yanasaidia usingizi na sukari ya damu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kama uko chini ya hapo, kuongeza mwendo bado kunakulipa. Kama umeshafika, kama mimi, tafuta kilo zako jikoni.

Vyuma

Watu wanaviuza vyuma kwa sababu isiyo sahihi. Wanasema misuli inachoma mafuta ukiwa umelala. Inachoma, ila kidogo: kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kama kalori 13 kwa siku. Ukijenga kilo mbili za misuli, na kwa mwanamke hiyo ni kazi ya miezi mingi, umepata kalori 26, pungufu ya vijiko viwili vya sukari.

Sababu ya kweli ni nyingine, na kwangu inatosha kabisa. Uzito unapopungua, kwa kawaida kama robo ya kilichopotea si mafuta. Misuli imo ndani yake. Unapobana sahani na kukimbia tu, unakuwa mdogo lakini pia unadhoofika, na siku uzito ukirudi unarudi zaidi kama mafuta. Kunyanyua vitu vizito na kula protini ya kutosha ndivyo vinavyouambia mwili uiache misuli.

Niliongeza mazoezi haya mara mbili kwa wiki nikiwa na kilo 75. Jimu nilienda mwezi mmoja, baadaye nikahamia uani. Madumu mawili ya lita 5 yaliyokwisha mafuta nikayajaza maji, kila moja kilo 5 mkononi, na kwa hayo nachuchumaa na kusimama, navuta kuelekea mbavuni, nainua juu ya kichwa. Pushapu nilianzia ukutani. Yakishakuwa mepesi najaza mchanga. Kwa miezi miwili mzani ulishuka gramu 800 tu, lakini fundi wangu alipunguza kiuno inchi moja na nusu, na goti lililokuwa linalalamika ngazini limenyamaza.

Ukivipanga vyuma na mbio pamoja kwa macho ya mzani, vyuma vinashindwa, na vitakukatisha tamaa wiki za kwanza kwa sababu misuli iliyochoka hushikilia maji. Kwa macho ya futi, vinashinda. Mtu aliyepita miaka arobaini, au aliyekwisha pungua kilo nyingi, ningemwambia abadilishe siku moja au mbili za mbio ziwe za vyuma kabla hajafikiria kuongeza siku ya saba ya kukimbia.

Protini wengi wetu tunaila pungufu kwa sababu sahani yetu ni mlima wa ugali na mboga pembeni. Watafiti wengi wanapendekeza gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa anayepungua huku akifanya mazoezi. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, na dagaa wakavu ni hazina ambayo haihitaji friji. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza.

Kufunga kwa saa

Mdogo wangu amepungua kwa njia hii na sina sababu ya kumbishia. Ila ukiweka kufunga kwa saa kando ya kupima sahani, hakuna muujiza wa ziada. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, walichapisha matokeo ya watu 139 waliofuatiliwa mwaka mzima. Wote walipewa kiwango kile kile cha kalori, nusu yao wakala kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti kati yao haikuwa ya kutosha kusema saa ndizo zilizosaidia.

Sisi tuna ushahidi wetu wa kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani watu wengi wanafunga tangu alfajiri mpaka magharibi na wanaumaliza wakiwa na uzito ule ule, kwa sababu futari imekaa pale: mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, uji, halafu daku. Dirisha la kula limefupishwa, kilichopita dirishani hakikupungua.

Kufunga kunamfaa mtu anayekula-kula usiku mbele ya televisheni na ambaye kupima kunamchosha. Sheria moja ya "baada ya saa moja jioni sili" ni rahisi kuishika kuliko vijiko. Hakumfai mjamzito, anayenyonyesha, mwenye historia ya kujinyima chakula kupita kiasi, wala mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, isipokuwa daktari wake amekubali.

Kusimama kwa makusudi, na kulala

Hii ndiyo njia ambayo hakuna aliyenishauri, na natamani angetokea mtu. Ukishapungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako wa mwanzo, presha na sukari tayari zimeanza kunufaika. Mimi kilo kumi kutoka 88 zilikuwa zaidi ya asilimia 11. Kukaa pale pale miezi miwili au mitatu, ukila kiasi cha kutopungua na kutoongezeka, ni kazi halali kabisa. Kuna jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2017 ambapo wanaume 51 wenye unene uliokithiri waligawanywa: wengine walijibana mfululizo wiki 16, wengine walijibana wiki mbili na kula kiasi cha kutulia wiki mbili mpaka wakatimiza wiki 16 za kujibana. Walioachia nafasi walipungua zaidi. Majaribio ya baadaye kwa watu wa aina nyingine hayakuonyesha faida hiyo, kwa hiyo siwezi kukuahidi kilo. Ninachojua ni kwamba mtu aliyejibana miezi minane na ameanza kuota chapati anaweza kupumzika bila kurudi mwanzo, mradi aendelee kujipima.

Usingizi nauweka hapa kwa sababu ndio ulioathiriwa na uchaguzi wangu wa mbio. Ili nikimbie mara sita nilikuwa naamka saa kumi na robo alfajiri, na kulala sikuwahi kabla ya saa tano usiku. Katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2010, watu kumi waliobanwa chakula kwa wiki mbili walipungua uzito uleule wakilala saa 8 na nusu au saa 5 na nusu. Lakini waliporuhusiwa kulala saa nyingi, karibu nusu ya kilichopungua kilikuwa mafuta, na waliponyimwa usingizi ilikuwa kama robo tu. Ni watu wachache na muda mfupi, lakini kama siku yako ya ziada ya mazoezi unailipa kwa usingizi, mimi ningechagua kitanda.

Chai, sindano na hospitali

Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya sena, ambayo kazi yake ni kuharisha. Unapoteza maji na chumvi muhimu, mafuta yanabaki. Pakiti ya shoga yangu nilimrudishia nikamweleza kwa upole.

Sindano za semaglutide, dawa inayopunguza hamu ya kula, ni habari nyingine, zinafanya kazi. Katika jaribio kubwa la mwaka 2021 lenye watu 1,961, waliozitumia walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Lakini hata wao mzani ulifika mahali ukasimama, na walioacha dawa walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Ni dawa ya daktari, ya muda mrefu na ya gharama kubwa, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Usinunue kwa mtu wa mtandaoni.

Hospitali nenda mapema kama mzani umegoma huku unahisi baridi isivyo kawaida, unachoka mno, unafunga choo, au hedhi imevurugika. Tezi ya thairoidi na homoni za ovari zinapimika. Angalia pia dawa unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, insulini, steroidi, baadhi ya dawa za sonona na ARV yenye dolutegravir zinaweza kuongeza uzito kwa baadhi ya watu. Usiache dawa yoyote peke yako. Mwambie anayekutibu, mara nyingi kuna mbadala au kipimo kingine.

Nani achague nini

Dada anayepika mwenyewe, anafanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki, na futi imesimama mwezi mzima: anza na dumu na sukari, mwezi wa pili ongeza vyuma. Kaka wa kikundini anayekimbia kilomita 40 kwa wiki na anashangaa kitambi hakiondoki: punguza mbio mbili, shika vyuma, na uangalie bia na nyama choma za baada ya mbio za Jumapili, ambazo zinarudisha wiki nzima kwa mlo mmoja. Mama mwenye mtoto mdogo anayelala vipande vipande: usiongeze chochote, kaa na uzito ulio nao mpaka usingizi urudi. Aliyepungua kilo mbili tu na mzani ukasimama wiki ya tatu: huo bado ni maji, subiri.

Mgumu zaidi ni yule asiyetawala jiko. Anatoka nyumbani saa kumi na moja, chai anakunywa stendi, mchana anakula kwa mama ntilie, jioni anakuta wifi ameshapika. Huyu hesabu ya vijiko haimsaidii. Kwake nimeona mambo haya yakifanya kazi, kwa sababu ndivyo alivyofanya mwenzangu mmoja wa ofisini: chai ya rangi bila sukari na mayai mawili ya kuchemsha mahali pa chai ya maziwa na sambusa. Mchana, neno lile lile kila siku, kabla mama hajachota: "Mama, wali nusu, maharage mara mbili, mchuzi usinimwagie juu, niwekee pembeni." Wiki ya kwanza mama ntilie alimcheka na kumwambia ataanguka. Wiki ya tatu akawa anamwekea sahani yake pembeni bila kuulizwa, wali nusu, na mboga ya majani ameitoa kabla ya kuunga nazi.